Mama Kwanini na Maji Yasiyo na Povu

Jina la Mama Kwanini hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu ya wanawe wawili: binti wa miaka sita na kitindamimba wa miaka minne, ambao hawakuweza kumpita fundi viatu bila kumuuliza kwa nini viatu vya watu wengine huisha kisigino cha upande mmoja tu. Kinyozi alipowaona wanakuja, aliongeza sauti ya redio.

Kazi ya mama yao ilikuwa kusoma mita za maji. Kwa miaka kumi na moja aliuzunguka mji kwa miguu, begani mkoba wenye daftari, kitambaa na nondo fupi iliyopindwa ncha. Aliinua kifuniko cha chuma kwa nondo, akafukuza mende, akafuta kioo, akaandika tarakimu, akafunika, akaenda nyumba ya pili. Alijua mbwa yupi anabweka tu na yupi hana mchezo. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umelala kwenye mteremko: barabara moja inayopanda kutoka sokoni hadi tangi la maji kilimani, na vichochoro vimejitokeza huku na huku. Alizaliwa humo, akasomea humo, akaolewa humo na dereva wa lori ambaye mwezi ulikuwa na bahati ukimwona nyumbani wiki moja.

Mama yake mzazi, aliyeishi naye, hakupendezwa na maswali ya wajukuu. Zamani, alisema, mtoto alikuwa akiambiwa neno anatulia. Mama Kwanini aliijua vizuri hiyo zamani, maana ndiyo iliyomlea. Alipokuwa na miaka saba aliuliza kwa nini baba yake na baba yake mdogo hawasemezani, akaambiwa hayo ni mambo ya wakubwa. Hadi leo hajui, na wote wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Ndiyo maana alijiwekea nadhiri: wanawe wakiuliza atawajibu, na asilolijua atasema halijui.

Nadhiri ni rahisi kuiweka asubuhi. Kuna siku alirudi miguu inawaka moto, binti akataka kujua kwa nini vitunguu vinamliza mtu na viazi haviwezi. Akajibu, "Kwa sababu nimesema." Binti alimtazama kwa huruma, kisha akaenda kumletea maji ya kunywa. Mama aliyanywa kwa aibu.

Jumapili moja ya kiangazi, mapema, maduka yakiwa bado yamefungwa, alikuwa akishuka na watoto kwenda kumsalimu shangazi yao. Karibu na sokoni binti alisimama ukingoni mwa mtaro wa mawe.

"Mama, mbona mtaro una maji na mvua haijanyesha?"

Mama akajibu bila hata kugeuka kwamba watu wanafua, wanaoga, maji yao yanaingia humo. Lilikuwa jibu la mji mzima. Mtaro ule ulikuwa na maji masika na kiangazi, na watu waliuruka kama walivyoruka vizingiti vya nyumba zao.

Binti alichuchumaa, akachota kwa kiganja. "Maji ya kufulia yana povu. Haya hayana."

Mama akarudi hatua tatu alizokuwa ametangulia. Maji yalikuwa meupe, yanapita kimya kimya juu ya mawe, na kweli hayakuwa na povu wala harufu ya sabuni. Kabla hajasema neno, kitindamimba, aliyekuwa amejilaza kifudifudi juu ya kifuniko cha mita huku shati lake la kutokea likipangusa vumbi, aliinua kichwa.

"Humu kuna nyoka," alisema. "Analia sss."

Siku nyingine angemwinua na kumkung'uta. Siku hiyo alipiga magoti na gauni lake jema, akaweka sikio kwenye chuma. Alisikia mvumo mwembamba, usiokatika. Akainua kifuniko: mita ilikuwa imesimama tuli, hakuna mtu aliyefungua bomba ndani ya nyumba ile. Basi maji yalikuwa yanalia kwenye bomba kubwa, chini ya barabara. Miaka miwili nyumba za karibu na tangi zilikuwa zikipata maji ya kudondoka tu, na watu walisema tangi limezeeka. Hata yeye alisema hivyo.

Kesho yake alimweleza mhandisi ofisini. Mhandisi, kijana mstaarabu, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni nani aliyeyagundua hayo. Mama Kwanini angeweza kusema ni yeye, na neno lake lingekuwa na uzito zaidi.

"Ni wanangu," alisema. "Mmoja ana miaka sita, mwingine minne."

Mhandisi alitabasamu kidogo, akasema wataliangalia. Wiki ikapita bila dalili ya kuangaliwa. Mama Kwanini hakulalamika. Alimfuata fundi mkuu wa mabomba, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, akamwomba aje na bisibisi yake ndefu. Fundi alikuwa akiisimamisha juu ya bomba na kuweka sikio kwenye mpini, kama daktari anayesikiliza kifua. Alikuja, akasikiliza. Siku ya pili vibarua walianza kuchimba kando ya mtaro.

Walichimba hadi kiunoni wakakuta bomba zima, kavu. Wapita njia walikuwa wameanza kuuliza kama mji unachimbiwa kisima. Mama Kwanini alisimama pale na mkoba wake, uso umemshuka. Fundi mkuu alipanda kutoka shimoni, akajifuta, akauliza yuko wapi yule bwana wa nyoka.

Kitindamimba aliletwa kutoka nyumbani, mdomo umejaa mkate. Fundi alichuchumaa wakawa macho kwa macho.

"Mzee mwenzangu," alimwambia, "nyoka wako analia zaidi wapi?"

Mtoto hakuuona kuwa ni utani. Alipanda barabara akijilaza kwenye kila kifuniko, dada yake akiwanyamazisha watu wazima kwa kidole, nao wakanyamaza. Mbele ya kibanda cha fundi viatu aligoma kuinuka. Pale ndipo walipochimba. Kabla ya saa sita bomba lilionekana, kiungo chake kimeachana, na maji yakipenya chini ya mawe kwenda kuingia mtaroni, mahali pasipoonekana na mtu.

Jioni ile, kwenye nyumba za juu, mabomba yalitoa kwanza hewa, kisha kutu, kisha maji ya nguvu. Mwalimu mstaafu aliyekaa nyumba ya mwisho alishuka na mkongojo wake hadi kwa Mama Kwanini ili tu awape watoto mkono. Aliwaita "walimu wangu".

Mama Kwanini alifikiri sana siku zile. Alikuwa ameupita mtaro ule zaidi ya mara elfu, na ndiye aliyelipwa kuangalia maji. Fundi mkuu alimwambia asijilaumu, maana mgeni njoo mwenyeji apone, na mtoto ni mgeni aliyefika juzi. Bado hajaambiwa ni kipi cha kupuuza. Alilipenda neno hilo. Lakini alijua pia kwamba mgeni hawezi kumponya mwenyeji asiyemfungulia mlango.

Mwaka ule mzee alipostaafu aliomba mwanamke huyu ahamishiwe kitengo cha mabomba, na mhandisi mwenyewe, ambaye alikuwa amekuja nyumbani kuomba radhi, akasaini barua. Mama Kwanini alijifunza kusikiliza. Hadi sasa amepata mavujo manne, mawili kwa ujuzi wake na mawili baada ya kuulizwa jambo barabarani akakubali kusimama.