Kitambaa cha Mama Juu ya Redio

Mama tulimzika Jumanne. Alhamisi mchana akaniita.

Sikuota. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, mikono imejaa povu, nikasikia sauti yake kutoka sebuleni.

"Chiriku! We Chiriku! Njoo umwonyeshe baba yako chumvi ilipo!"

Sahani ikaniponyoka ikapasuka.

Chiriku ni mimi. Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyeniita hivyo, eti kwa sababu nilianza kuongea mapema na sikunyamaza tena. Baba yeye aliniita "wewe". Akiwa na furaha sana, "wewe binti".

Nikaenda sebuleni nimeshika mwiko. Msiniulize mwiko ulikuwa wa nini. Mtu akitishika hushika kilicho karibu.

Nikamkuta baba kwenye kiti chake, kainama, sikio kalisogeza kwenye redio. Sauti ya mama ilikuwa inatoka kwenye spika.

"Chumvi iko kwenye kopo la maziwa," mama akasema. "Usiulize kwa nini. Soksi zako ziko droo ya chini. Na wewe umekula? Najua hujala."

"Sijala," baba akajibu.

Jamani, alikuwa anamjibu.

Niwaeleze hiyo redio. Kaka yangu ndiye aliyeileta mama alipoanza kuugua. Ni zile za kubeba kwa mkono, ina mlango wa kanda na spika mbili za kuchomoa ubavuni. Kaka alitaka mama asikilize nyimbo zake akiwa amelala. Kumbe mama kaona kitufe cha kurekodi, akapata wazo lake.

Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, natoka nyumbani asubuhi. Nikishaondoka, mama alikuwa anajirekodi. Alijua anaondoka, na alijua anamwacha mwanaume ambaye ndani ya nyumba yake mwenyewe hajui chumvi inakaa wapi.

Redio yenyewe baba hakuijua. Mama alimfundisha vitufe viwili tu, cha kuwasha na cha kurudisha nyuma. Basi akawa anasikiliza sukari iko wapi, chumvi iko wapi, soksi ziko wapi, umekula au hujala. Mkanda ukifika pale mama anapoanza kukohoa, baba anarudisha nyuma haraka haraka. Kile kikohozi alikuwa amekisikia vya kutosha mama akiwa hai.

Ikawa hivyo kutwa nzima.

Juu ya redio kulikuwa na kitambaa. Cheupe, cha kufuma, pindo la njano, kinashuka mbele na nyuma. Mama alifuma vitambaa vya kila kitu mle ndani. Televisheni ina chake, friji ina chake. Kitu kukaa wazi wazi kilimkera.

Siku moja nikataka kukiinua nifute vumbi. Baba akanishika mkono.

"Acha. Kaweka yeye."

Nikaacha.

Nitasema ukweli hata kama mtaniona mtu wa ajabu. Nilimwonea wivu mama kwenye ile redio. Mimi nilikuwa namuuliza baba, "Utakula nini?" hanijibu. Redio inauliza, "Umekula?" anajibu, na anakula. Nilikuwa nimefiwa na mama, na baba naye kanihama akiwa amekaa mbele yangu.

Lakini alikuwa anakula. Nikajiambia, mwache, ilimradi yu hai.

Sasa sikia.

Siku hiyo nimetoka kazini mchana, nafungua geti, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mtu anayeshinda mbele ya matanuri anajua harufu za moto, na hii haikuwa ya chakula. Nikatupa mkoba nikakimbia.

Sebule ilikuwa imejaa moshi mweusi. Redio inatoa cheche kwa nyuma, kitambaa kinaungua polepole kutoka chini, na pazia liko pale pale karibu. Baba amesimama na jagi la maji, kainua mkono.

"Baba, usimwage maji! Baba!"

Nilipita mbio hadi kwenye swichi kuu nikazima umeme wa nyumba nzima. Nikavuta blanketi kwenye kochi nikaufunika moto, nikaukandamiza mpaka ukafa.

Nilipogeuka, baba alikuwa ameshaingiza mkono chini ya blanketi anatafuta mlango wa kanda. Plastiki imeyeyuka inamnata kiganjani, na hajali. Alilia tu pale kanda ilipotoka, ganda limepinda, mkanda unaning'inia nje.

Akaitazama. Akanitazama.

"Mmemzika mara ya pili," akasema.

Halafu akaenda chumbani, akalala, akageukia ukutani.

Hakula siku hiyo. Hakula kesho yake. Nikapika uji, ukapoa. Nikamletea mkate wa moto kutoka kiwandani, ule anaoupenda, ukakauka kwenye sahani. Kaka akapiga simu, "Mwambie nitamletea spika ya kisasa, inaunganishwa na simu." Nikamwuliza, "Ina mlango wa kanda?"

Jirani yetu muuguzi alikuja kumfunga kiganja. Akaibana ngozi ya mkono wa baba kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi ikabaki imesimama.

Akaniita koridoni.

"Mdogo wangu, huyu anakauka. Hataki maji. Tunaweza kumpeleka hospitali wakamtundikie dripu, lakini mtu asiyetaka kuishi ataing'oa. Fanya unachoweza. La sivyo anamfuata mama yako."

Nililia palepale koridoni, nimejiziba mdomo asinisikie.

Nikachukua redio iliyoungua, nikaitia kwenye mfuko pamoja na kile kitambaa na kanda, nikaingia mtaani. Duka la kwanza la simu, kijana akacheka. "Dada, hicho kitu kipeleke makumbusho." La pili hata hawakuniangalia. La tatu mwenye duka akanionea huruma akanielekeza uchochoroni kwa fundi mmoja anaitwa Daktari, kwa sababu kila redio anaiita mgonjwa.

Daktari alifungua mfuko.

"Loo. Huyu umemleta akiwa maiti."

Nikaangua kilio mbele ya wateja. Maskini, akababaika, akanifutia kiti kwa shati lake. Nikamweleza yote. Mama, kanda, baba, ngozi inayobaki imesimama.

Kisha akageuza redio akanionyesha nyuma. Kulikuwa na mistari ya matundu, yote yameziba kwa nyuzi nyeupe zilizoyeyuka zikashikana na plastiki.

"Nani aliivalisha nguo?"

Nikakitazama kile kitambaa.

"Mama," nikasema.

"Basi ndicho kilichoiua. Matundu haya ni ya kutolea joto. Ilikuwa inawaka kutwa nzima, joto halina pa kwenda." Akauvuta na waya wa umeme, umechubuka katikati. "Na huu ulipita chini ya zulia, siyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mikate ikiungua kazini mimi ndiye wa kwanza kunusa, lakini kitambaa cha mama sikukiona kabisa kama kitu cha hatari.

Redio haikufaa tena. Kwenye rafu yake akatoa nyingine ya aina ileile, kongwe lakini nzima. Kazi ikabaki kwenye kanda. Akachukua kanda ya zamani, akafungua skrubu zake, akatoa matumbo yake, akauhamishia mkanda wa mama humo, polepole kama mtu anayehamisha yai.

Akasimama.

"Hapa pameyeyuka. Nikipaacha, patakwama na kuutafuna mkanda wote. Lazima nikate niunge."

"Hapo anasema nini?"

Akanisikilizisha mwanzo wa kipande. "...sukari iko nyuma ya unga." Kisha mwisho wake. "...iko kwenye kopo la maziwa."

Nilijua kilicho katikati. Ni pale anaponiita. Katika kanda nzima ya baba, ile sentensi moja ndiyo ilikuwa yangu.

"Nikate?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka aniulize kesho, au amwulize mtu mwingine. Nikamfikiria baba na ukuta wake.

"Kata."

Mkasi ukalia. Akaunga kwa utepe mdogo, kisha akaupeleka mkanda mbio mpaka mwisho kuhakikisha haukwami popote.

"Ukifika nyumbani urudishe nyuma," akaniambia. "Redio iweke juu ya meza ngumu, mbali na pazia, nyuma uache nafasi ya kiganja. Plagi iende moja kwa moja ukutani. Na nguo..." Akakiinua kile kitambaa kilichoungua kwa ncha ya kidole. "Dada, redio haisikii baridi."

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikacheka.

Nyumbani nikafanya kama nilivyoambiwa. Meza tupu, waya unaonekana wote. Nikamwita baba. "Baba, mama amerudi." Sijui kama nilifanya vyema kusema hivyo, lakini nilikuwa sina maneno mengine.

Nikasikia kitanda kinalia. Akatoka, anashikilia ukuta, macho yameingia ndani. Mkono wenye bendeji ameukumbatia kifuani. Mkono wa pili umeshika kitambaa.

Kingine. Cheupe, pindo la njano. Kile cha friji.

"Isikae uchi," akasema, akakitandaza juu ya redio. Akakilainisha mpaka kikafunika mbele na nyuma. Kisha akachukua kikombe cha chai nilichomtengea, ambacho hata hakukionja, akakiweka juu ya kitambaa.

Ningemwambia nini? Kwamba mikono ya mama, ile ambayo baba mwenyewe aliilaza kifuani pa marehemu siku ya mwisho, ndiyo iliyoichoma redio na nusura imchome na yeye? Nikisema, namvunja. Nikinyamaza, naunguza nyumba.

"Baba..."

"Kafuma yeye," akanikatiza.

Akachukua kanda kwa mkono wa kushoto, mkono asiouzoea, akaisukuma ndani upande wowote ulioingia. Nikakumbuka kwamba nimesahau kuurudisha mkanda nyuma. Akabonyeza.

Ikaunguruma kidogo. Kisha mama akasema kitu ambacho sote wawili hatujawahi kukisikia.

"Haya, umegeuza. Hongera, mzee wangu. Nilijua ipo siku utavumilia kikohozi changu mpaka mwisho."

Baba akashika ukingo wa meza.

Upande wa pili! Mama alirekodi upande wa pili, na kila siku baba alikuwa anaurudisha mkanda nyuma kabla hajaambiwa ageuze.

"Sasa nikufundishe hii redio kabla haijakuunguza," mama akaendelea. "Kijana wako alinisomea maelekezo yote, nimeyashika. La kwanza, kitambaa changu kitoe."

Baba hakusogea.

"Najua kipo hapo. Unaona ukikitoa umenitoa mimi. Mimi nilikiweka kwa ajili ya vumbi, redio ikiwa imezimwa. Ikiwaka inapumua, na wewe umeiziba pua. Kitoe, baba watoto. Sitachukia."

Baba akalia kwa sauti, kilio ambacho hata makaburini hakukitoa. Akanyoosha mkono.

"Kikombe kwanza," mama akasema. "Maana najua na kikombe kipo."

Akakitoa kikombe. Akakitoa kitambaa. Akakikunja mara mbili, akakiweka kifuani.

Mama aliongea mengi. Waya usipite chini ya zulia. Ukichomoa, shika plagi, usivute waya. Sauti usiipandishe mpaka mwisho, kiziwi ni wewe, siyo majirani. Mengine yalikuwa yao wawili, hayo siyaandiki hapa.

"Na la mwisho..."

Hapo sauti ikaruka. Ni pale Daktari alipokata; mkanda ni mmoja, ukikata upande huu umekata na ule. Sitajua kamwe alisema nini hapo, na inaniuma mpaka leo.

"...izime. Mimi nimeongea vya kutosha. Izime, halafu ongea na huyo mtoto. Yuko peke yake huko jikoni, na wewe unaongea na redio."

Ukabaki mlio wa mkanda unaozunguka mtupu.

Kitufe cha kuzima baba hakukijua. Kidole chake kikapita kimoja, kikarudi, kikapita kingine. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia. Mwishowe akabonyeza, ikazima.

Sebule ikawa kimya, na mimi nikaogopa. Nilidhani atarudi chumbani, ageukie ukutani.

Akanitazama usoni. Upande wa kwanza alikuwa hajausikiliza tangu moto, na wala sikuwa nimemwambia kwamba pale mama anaponiita pamekatwa.

"Chiriku," akasema. Jina lilimwia gumu mdomoni. "Njoo unionyeshe chumvi ilipo."

Alijua ilipo. Alikuwa ameambiwa mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani.

Nikamwonyesha. Tukapika, na akala amesimama jikoni, sufuriani, akilalamika kwamba nimezidisha chumvi.

Wewe unayesoma hii, nenda kaangalie redio yenu sasa hivi. Kama inawaka na imefunikwa, ifunue. Kama waya uko chini ya zulia, utoe. Na kama kuna mtu yuko jikoni peke yake, zima, kaongee naye.