Maharage Aliyoyaatamia Bibi

Mwezi uliopita, nikiwa njiani kwenda nyumbani Ngara, nilimwomba kijana wa bodaboda apite Lukole na asimame kidogo. Akazima pikipiki, akageuza uso pembeni kwa heshima, akidhani nataka kuingia porini kujisaidia.

"Hapana," nikamwambia, "nataka kupaona tu. Hapa palikuwa na kambi ya wakimbizi. Watu walijaa kuanzia hapa mpaka kule mlimani. Jioni ulikuwa unauona moshi wao kabla hujafika."

Akaitazama miti, kisha akanitazama mimi. "Dada, hapa hapa? Mbona miti imesongamana hivi?"

Hata mimi miti hiyo ilinishangaza. Nilipokuwa mtoto hapakuwa na hata kichaka cha kumficha kuku. Nilipanda tena pikipiki nikijiuliza kama kweli napakumbuka vizuri, maana ukikaa na kumbukumbu peke yako muda mrefu unaanza kuishuku. Ndiyo sababu nakuandikia haya, rafiki yangu, kabla sijaanza kuyashuku na maharage.

Siku hizi najitolea kufundisha sayansi katika sekondari moja huko Nyamahanga, wilayani Biharamulo, nikisubiri ajira. Kila nikifika kwenye mada ya joto, namna linavyosafiri na namna linavyoweza kuzuiwa lisisafiri, mhadhiri wangu wa chuo hanijii akilini hata kidogo. Anayenijia ni Bibi.

Tuliishi kwa Bibi, mimi na wadogo zangu wawili, katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Jiko lilikuwa kibanda cha nje, kuta zake zimepakwa masizi na paa lake linavuja moshi mahali pote. Chakula chetu kilikuwa ndizi na maharage, kesho yake maharage na muhogo, keshokutwa tena ndizi na maharage, na sikumbuki siku hata moja tuliyolalamika. Bibi aliyapika maharage kwa masikio. Angekuwa uani akichambua mtama, ghafla angeinua kichwa na kusema, "Maji yanakwisha," na ukikimbia jikoni unakuta kweli, mlio wa chungu umebadilika, umekuwa mkavu na wa haraka. Mpaka leo nikisikia kitu kinatokota mahali nasimama kusikiliza kama kinahitaji maji.

Lakini maharage hula kuni. Yanatokota tangu mchana mpaka jua linazama. Na kuni katika miaka ile zilikuwa zimekimbia. Watu wa kambini walipika, sisi tulipika, kila mtu alikata, na mwisho wake ukalazimika kuvuka mlima mzima kuutafuta mti mkavu. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Kengele ya mchana ikilia, nilikwenda nyumbani, nikachukua panga na kamba, nikaondoka na wasichana wenzangu. Tulirudi jioni, shingo zimekakamaa.

Nilipoingia darasa la saba, mwalimu wetu wa sayansi alianzisha masomo ya mchana kwa ajili ya mtihani wa mwisho. Alikuwa kijana mwembamba aliyependa majaribio kuliko ubao. Siku moja alibandika vipande vya nta kwenye waya, akaushika ncha moja juu ya moto wa mshumaa, tukatazama vipande vikidondoka kimoja baada ya kingine, cha karibu na moto kwanza, kisha kinachofuata. "Mmeona?" akasema. "Joto linatembea na hamlioni. Huu unaitwa mpitisho. Mchana nitawaonyesha msafara na mnururisho." Kengele ikalia. Mimi nikaenda kutafuta kuni.

Sijui kama umewahi kuondoka mahali ukijua kwamba yanayokuhusu yanaanza ukishatoka. Njia nzima nilijiuliza msafara ni nini, na joto linakwenda wapi kwa msafara. Nilimwona kila mwenzangu akifaulu na mimi nikibaki, nikazeeka, nikawa bibi, bado nabeba kuni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe kuniombea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kaa."

Akaeleza kwa adabu kwamba mimi naweza kufaulu kwenda sekondari nikipata hayo masomo ya mchana. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kikombe cha maji ya ndizi, kisha akasema, "Shule sina ugomvi nayo. Ila hawa wadogo zake jioni watakula nini, mwalimu? Niwapikie daftari?"

Mwalimu akacheka, mimi sikucheka. Bibi alimsindikiza mbali kuliko kawaida yake, na nikajua hata yeye jambo hilo linamuuma.

Aliyetuokoa alikuwa mama mmoja wa kambini. Alizoea kuja kwetu na unga wa njano wa mgawo, akabadilishana na Bibi kwa ndizi. Yeye alisema Kirundi, sisi Kihangaza, na lugha hizo zinaelewana bila mkalimani. Alimwita Bibi mama, na Bibi alimwita mwanangu. Siku hiyo alinikuta nimetua mzigo, nalia huku najifanya najifuta jasho. Bibi akamweleza habari ya shule na kuni.

"Mbona sisi kule tunapika na kuni kidogo tu," yule mama akasema. "Unachemsha maharage mpaka yatokote vizuri, unayatia kapuni, unakwenda zako. Jioni yameiva."

"Kapuni kuna moto?" Bibi akauliza.

"Hakuna moto, mama."

"Basi yanaivishwa na nini? Na aibu?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini kesho yake yule mama alirudi na kapu pana, akalijaza majani makavu ya migomba na kuacha shimo katikati la kutosha sufuria, akashona mto wa gunia wa kufunikia juu. Bibi akatoa hukumu. Jumapili tutajaribu. Yakiiva bila kuni, nitabaki shule mchana. Yasipoiva, habari hiyo isitajwe tena nyumbani kwake.

Jumapili Bibi aliyaroweka tangu jana yake, akayachemsha kwa magunzi na vijiti walivyookota wadogo zangu, akayatia kapuni kabla ya kwenda kanisani. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wadogo zangu walitangaza kwa kila waliyemkuta nje ya kanisa kwamba kwetu kuna chakula kinachojipika chenyewe. Ibada ilipokwisha watu walituandama mpaka nyumbani. Na wewe unajua kwetu: mgeni akiomba kuona kitu humwambii ngoja. Bibi aliinua mto kwa jirani yetu, mama wa nyumba ya chini. Akauinua kwa mzee wa kanisa. Akauinua kwa wanakwaya, walioinama wote kwa pamoja, mmoja akachota punje na kuionja. Kila mara wingu la mvuke lilipanda, wakasema "Ee!", na mimi nilisimama pale nikiuma kucha.

Jioni maharage yaligonga sahani kama mvua ya mawe. Bibi aliwasha moto, tukala tukisinzia.

"Basi, tumeona," akasema. Kwa upole kabisa. Kesho yake mchana nikachukua panga na kamba.

Yule mama wa kambini alipokuja tena na unga, akauliza habari ya kapu. Bibi akamsimulia, tena akiwataja wageni mmoja mmoja kwa furaha, maana ilikuwa siku nzuri ukiacha maharage. Yule mama akashika kiuno.

"Mama, ndizi zako za kuivisha, zile za kukamua, unazivundika wapi?"

"Shimoni, wapi tena?"

"Unalipasha shimo joto, unatandika majani, unafukia?"

"Ego." Ndiyo, kwa lugha yetu.

"Mgeni akija anataka kuona, unamfukulia?"

Bibi alikuwa bingwa wa kuvundika ndizi. Hakuna mtoto aliyethubutu hata kukanyaga karibu na shimo lake kabla ya siku yake. Akalivuta kapu karibu, akasema, "Nirudie mara moja tu. Moja."

Akachagua siku ya soko, sijui kwa nini, pengine kwa ubishi. Siku ya soko njia ya mbele ya nyumba yetu hujaa watu, na wote hupumzika kwa Bibi kunywa maji. Niliporudi kutoka shule nilimkuta ameketi mlangoni juu ya kapu lenyewe, ameufunika mto kwa kanga yake na kuikunja miguu vizuri, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda. Panga na kamba vilikuwa vinaning'inia ukutani, hakuniambia nivichukue. Nikakaa karibu naye na daftari ambalo sikusoma hata mstari.

Watu wakapita. Bibi aliwasalimu akiwa ameketi, akamtuma mdogo wangu awaletee maji. Walipoinuka kuondoka alibaki palepale. Unahitaji kumjua Bibi ili uelewe jambo hilo. Alikuwa mtu wa kumsindikiza mgeni mpaka barabarani hata mvua ikinyesha, na ukimwambia rudi sasa anaongeza hatua nyingine. Mama wa nyumba ya chini alipoaga, alisimama uani akisubiri. Akasubiri.

"Leo hunisindikizi?"

"Nenda salama, mwanangu. Leo sinyanyuki."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi nimekukosea."

"Hujanikosea. Nenda tu."

Yule mama akaondoka amenuna, kapu lake la soko kichwani, na nilimwona Bibi akimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye migomba. Mikono yake ilishika magoti kama anayejizuia. Nilitaka kumwambia ainuke, amkimbilie, nitaendelea kutafuta kuni hata mwaka mzima. Naye, bila kunitazama, akasema, "Soma wewe. Mimi nina kazi."

Jua liliposhuka akainuka, akanyoosha mgongo, akaondoa mto. Sufuria ilikuwa bado inachoma vidole. Bibi akachukua punje moja, akaiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akaibana. Ikapondeka kama siagi. Alijaza bakuli, akalifunika kwa jani la mgomba, akaniambia, "Mpelekee mama wa nyumba ya chini. Mwambie haya ndiyo niliyokuwa nimeyakalia."

Nilikimbia. Yule mama alisikiliza, akaonja, akaonja tena, kisha akacheka kwa sauti iliyosikika mpaka kwetu. "Kumbe alikuwa anaatamia! Kamwambie yameanguliwa salama!" Tangu siku hiyo kijiji kizima kilimtania Bibi kwa kuatamia maharage, naye alifurahi kuliko alivyokubali kuonyesha. Hamu ya watu ya kulifunua kapu ikaisha, likahamishiwa chumba cha ndani, na magunzi ya uani yakatosha.

Mimi nikabaki shule. Siku ya kwanza mchana mwalimu aliuliza kwa nini majani makavu huzuia joto, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikaeleza kwamba kati ya majani kuna hewa iliyonaswa, haina pa kwenda, na hewa ikitulia haipitishi joto vizuri, kwa hiyo mpitisho unakuwa mdogo. Na ukiufungua mto unaachilia msafara, hewa ya moto inapanda na mvuke, ya baridi inashuka. Hilo la msafara nililisema kwa kubahatisha, kwa sababu niliwahi kuuona ukitoka mbele ya wanakwaya. Mwalimu akauliza nimesoma kitabu gani. Darasa likacheka kabla sijajibu, wote walikuwa wanajua.

Nilifaulu. Siku matokeo yalipobandikwa, Bibi alinipikia ndizi na maharage, akaniwekea nyama juu.

Sasa nyumba ile imeezekwa bati na jiko la nje limebomolewa. Bibi hayupo. Kapu liliachiwa panya, kisha likawashiwa moto bila mtu kufikiri, na mimi sikuwepo. Kambi ilipofungwa, watu waliondoka kwa makundi, na yule mama alipita kuaga siku ambayo mimi nilikuwa bwenini. Bibi alinisimulia kwamba alikaa kidogo, akala, akauliza kama bado nasoma, akaambiwa ndiyo, akasema vizuri. Jina lake sikuwahi kuliuliza. Kwetu alikuwa mama wa kambini, na mtoto hamuulizi mtu mzima jina.

Nimelifikiria hili mara nyingi, pengine kupita kiasi. Wapo walionilipia karo, wapo walionifundisha, na wote nimewashukuru kwa mdomo wangu. Yeye sikuwahi kumshukuru, na mchana wote niliokaa darasani ni wake, na huu ninaofundisha leo ni wake, na wanafunzi wangu wa Nyamahanga wakinyoosha mkono ni yeye wanayemjibu bila kujua. Lakini pengine alivuka mpaka kurudi kwao akijiona amefanya jambo moja tu, kumfundisha mama mmoja wa Ngara kupika maharage.