Picha Niliyopiga na Koti la Mume Wangu

Admin, nifichie jina, maana ukoo mzima uko humu. Nina miaka sabini na saba, nakaa Temeke, na nina hasira. Msinisome kama bibi wa kuhurumiwa.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mke wa kuli wa bandarini, tuna mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitatu. Kwenye picha yetu ya ndoa mume wangu kakaa kitini kama mkuu wa wilaya, mie nimesimama nyuma yake kama niliyekuja kumpangusa vumbi. Ilikuwa inaniudhi kila nikiitazama. Siku moja nikatia koti lake, suruali na tai kwenye kikapu, nikaenda studio karibu na soko, nikabadilisha nguo nyuma ya pazia. Mpiga picha, mzee wa Kihindi, hakucheka. Akasema, "Kaa, mama. Achanisha magoti. Nitazame mimi."

Ikatoka nzuri mno, akaomba aiweke dirishani. Nikakubali. Hapo ndipo nilipojichongea.

Makuli wenzake na mume wangu wakamtania kazini, "Tumemwona mume mwenzio pale studio!" Jioni hiyo hiyo akanikokota kwa balozi wa nyumba kumi. Majirani wakajaa uani. Balozi akauliza, "Wewe mwanamke au mwanamume?"

Nikajibu, "Shikamoo mzee. Jumapili kwenye shamba la ujamaa nililima sawa na mume wangu. Mbona hukuniuliza?"

Wanawake wenzangu wakatazama chini. Mume wangu akanipa talaka pale pale, akamchukua mtoto, akamkuza akimwambia, "Mama yako alikataa kuwa mwanamke."

Mwanangu alianza kuja kwangu mwaka juzi tu, baada ya baba yake kufa. Anakunywa chai, anaondoka. Binti yake, ambaye ana studio Sinza, akaikuta ile picha kabatini kwangu, akaikuza, akaitundika ukutani. Sasa wasichana wanakuja wapigwe picha vile vile, wengine wamekaa wao, wachumba wamesimama nyuma.

Juzi mwanangu akaja, hata salamu hakutoa.

"Mama, mwambie aitoe. Msikitini wananicheka."

"Wakuchekee nini? Picha ni yangu."

"Hiyo picha ilinikosesha mama. Leo inanichukulia na binti?"

"Picha haikukuchukua. Alikuchukua baba yako!"

Akasimama. "Isipotoka kabla ya Ijumaa, huna mtoto."

Mjukuu nilipompigia akasema, "Bibi, ukitaka nitaitoa leo hii. Ila useme wewe."

Ijumaa ni keshokutwa. Mwanangu nampenda, nimemsubiri zaidi ya miaka hamsini, na kikombe alichonywea chai mara ya mwisho hakijaoshwa bado. Lakini nikisema itolewe nitakuwa nimekiri kwamba nilikosa, na sikukosa. Nyie mnaotaka kuniandikia "mama ni kuvumilia", piteni tu, nilishavumilia. Waliobaki, nishaurini: nikimpigia huyu binti, nimwambie nini?