Ulezi wa Kando ya Chemchemi

Niliporudi Sumbawanga baada ya kuzurura mikoani, dada yangu alikuwa anawaongoza madiwani wa chama chake. Sheria ndogo aliyoipendekeza ya kuzuia kilimo kando ya chemchemi ya kata yetu ilikuwa imekwama. Diwani mmoja mzee wa chama hichohicho aliipinga, na wenzake wakamfuata, huku maji yakizidi kupungua.

Nikampeleka dada kwa pikipiki shambani kwa mzee huyo.

“Shikamoo, baba,” dada akamsalimu.

“Marahaba. Umekuja kunitisha kwa chama?”

“Nimekuja kupalilia.”

Dada akavua viatu, akaanza kung'oa.

“Huo ni ulezi, mama, siyo gugu! Unanimalizia pombe yangu!”

Tulicheka wote. Walipopumzika, dada akamuuliza, “Sheria hii iweje ndipo uweze kuitetea kwa wapiga kura wako?”

“Wavune kwanza walichopanda. Wakishavuna, nitawatoa mwenyewe.”

“Basi kaiseme hivyo barazani, baba. Isiwe yangu, iwe yako.”

Mzee ndiye aliyetoa hoja, na madiwani wa chama wote wakanyoosha mikono, hata walionuna.

Juzi, baada ya mavuno, nilipita pale chemchemini. Matete yameanza kuchipua. Safari hii sijafungasha begi.