Damu ya Bibi Sindano

Bibi Sindano alikuwa fundi cherehani, lakini jina hilo hakupewa kwa sababu ya kushona. Alipewa kwa sababu ya mdomo. Ulikwenda kwake kupunguziwa gauni, ukarudi gauni limekukaa sawasawa na moyo una matundu. Na alichopenda kuwachomea watu kuliko vyote ni damu ya ukoo wake.

Mwaka malaria ilipoingia kwenye nyumba yao ya wapangaji, vyumba nane na choo kimoja, karibu kila mlango ulitoa maiti ya mtoto. Mlango wake haukutoa. Watoto wake wanne walitetemeka siku mbili, wakainuka wakaomba chakula. Muuza mkaa wa chumba cha mbele alizika wawili ndani ya wiki moja. Mwenye haya angenyamaza. Yeye akamwendea msibani, mkono kiunoni: "Pole jirani. Lakini damu nyingine ni maji tu, utamlaumu nani?" Msibani, jamani! Watu walimtazama wakamwacha, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugombana.

Kitinda mimba wake ndiye aliyekuwa roho yake. Binti alisoma, akawa karani, akaolewa na dereva wa malori ya safari ndefu, kisha akakaa miaka tisa bila mtoto. Miaka yote tisa Bibi Sindano alishona. Kipande cha kitambaa cha mteja kikibaki, kinageuka kijishati, kikofia au soksi ndogo kama kidole gumba. Kila akimaliza anakitupia kwenye sanduku la bati, pamoja na kiganja cha vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Ukilifungua sanduku lile, machozi yanakutoka bila kufiwa.

Mtoto akapatikana, wa kiume, kwa upasuaji. Siku ya tatu wakaruhusiwa kurudi nyumbani, na bibi akamwaga sanduku lote kitandani.

"Mama, zinanuka," binti akasema. "Ngoja nizifue kwanza, nizianike."

"Ufue nguo mpya? Miaka tisa nimezitunza, zipauke siku moja? Kunuka ndiyo usafi wenyewe. Hakuna mdudu aliyethubutu kuzigusa."

Binti alikuwa na mshono tumboni, hata kuinama hawezi. Hakubishana. Bibi akamvika mjukuu wake kutoka utosini hadi nyayoni, akamfunga na shali, akamzungusha nyumba nzima awaonyeshe watu.

Kesho yake macho ya mtoto yakawa manjano. "Watoto wote huwa hivyo," bibi akasema, akamtoa juani, kavaa vilevile. Siku iliyofuata mkojo ulikuwa mweusi kama chai iliyokolea, na ziwa hataki. Hapo ndipo walipokimbia hospitali, bibi kambeba, binti anajikokota nyuma kashika tumbo. Mlangoni binti akaanguka, presha imepanda, wakamlaza wodi ya wanawake.

Nesi alimpokea mtoto, akaisogeza shali puani, uso ukambadilika. Akamvua zote, akaziweka nje ya mlango.

Walihitaji kumbadilisha damu. Bibi Sindano akakunja mkono wa gauni kabla hajaombwa. "Chukueni yangu. Ya kwetu haijawahi kuugua."

"Yako hapana, bibi," daktari akasema. "Kwa huyu, yako ndiyo tunayoikwepa."

Walimbadilisha mara moja. Mara ya pili hawakuwahi. Alikufa saa tano asubuhi, ana siku saba, hajapewa hata jina.

Daktari alikuwa mtu mchovu, asiyejua kupamba maneno. Akamkalisha bibi kwenye kiti cha ofisini.

"Chembe zenu za damu zina upungufu," akasema. "Kijidudu cha malaria hakistawi vizuri humo. Zamani, kabla ya dawa, malaria iliwaondoa wengi, wenye damu kama yenu wakabaki kwa wingi zaidi, wakazaa. Ndivyo upungufu ulivyoenea."

"Kwa hiyo tulichaguliwa."

"Hakuna aliyewachagua. Malaria iliua wenzenu zaidi, basi. Sasa chembe hizohizo zikikutana na mvuke wa vile vidonge vya nondo, zinapasuka. Wanawake wengi mnaubeba upungufu huu bila kujua. Mtoto wa kiume akiurithi kwa mama yake, hana kinga ya mvuke huo."

"Angekufa tu, basi? Hata bila zile nguo?"

"Hapana. Angezeeka asijue anao. Zingefuliwa tu na kuanikwa siku kadhaa."

Bibi Sindano alishika meza. Hakulia. Alichokiona mbele yake kilikuwa uso wa binti yake akisikia hayo, na alijua kwamba akishasikia, hatamwita mama tena.

"Niachie nimwambie mwenyewe," akasema. "Ni mwanangu."

"Mwambie yote. Hasa habari ya vidonge, ili akizaa mwingine ajue."

"Nitamwambia."

Wodini binti alikuwa macho. Habari ya kifo nesi alishampa, kilichobaki ni sababu. Bibi akakaa kitandani, akampakata kichwa.

"Daktari amesema nini, mama?"

"Amesema ni damu."

"Damu ya nani?"

"Yetu, mwanangu. Mtoto anaipata kwa mama yake."

Binti akajishika mshono tumboni. "Basi nimemuua mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nimemuua mimi, mama. Sizai tena. Mume wangu akirudi nitamwambia aoe mwingine, mimi tumbo langu linaua."

Bibi Sindano akafungua mdomo. Yalikuwa maneno mawili tu, ni nguo, na binti angeinuka pale kitandani na siku moja angezaa tena. Akaufunga. Akaendelea kumpapasa nywele.

"Mbona wewe ulituzaa kwa damu hiyohiyo," binti akauliza, "na hukutuua?"

"Bahati, mwanangu. Bahati tu."

Binti akautafuta mkono wa mama yake, akaubusu. "Asante kwa kuniambia ukweli," akasema. "Mwingine angenificha."