Visi za Gloriose na jogoo wa Toussaint

Mmenichosha na hii habari. Kila muntu anayepita mbele ya mlango wangu: "Bibi, tuelezee siku Gloriose alipofungua mashini." Kwani weye ulikuwa wapi? Watu walijaa pale kama kwenye kilio. Lakini kwa kuwa Toussaint ameanza kuisimulia vibaya, akijiweka yeye mbele, nitaiandika minye mwenyewe. Mukono wangu ni mzito. Asiyeweza kusoma herufi zangu aje nimsomee, ila asije mikono mitupu.

Gloriose wa mtaa wa Kilibula anauza nyimbo. Anakaa kwenye meza yake chini ya mwavuli, kompyuta mbele yake, na ukimpa simu yako anakutilia humo kwaya, mahubiri, muziki wa kucheza, chochote moyo unataka. Siku ya soko anaenda Sange, na huko wakulima wa mpunga wanamngoja, na wachungaji walioshuka toka Mulenge vilevile, maana kule juu ng'ombe hawaongei, muntu anahitaji sauti.

Sasa ile kompyuta ikaanza kukohoa. Tk, tk, tk ndani ya tumbo, halafu inakufa macho wazi. Diski yake ilikuwa imezeeka. Nyimbo alikwisha kuziokoa kwenye flashi, lakini mashini bila diski ni sinia tu, na soko lililopita lilimkuta amekaa nyumbani akisikiliza kikohozi. Dada yake Amandine, yuko Bujumbura, akamtumia diski mpya, nyepesi kama biskuti, na kila kitu cha kuiwasha kikiwa kimewekwa ndani tayari. Kilichobaki ni kufungua, kutoa ya zamani, kuweka mpya. Na soko la Sange ni kesho.

"Peleka kwa fundi mjini," wakamwambia.

Gloriose akatikisa kichwa. Mara ya mwisho aliiacha kwa fundi mmoja, ikarudi inang'aa nje na imepungua ndani. Kipande kizuri kilitolewa, kikawekwa kibovu mahali pake. Tangu hapo aliapa kwamba mashini yake haitalala tena kwa muntu.

Ng'ambo ya barabara Toussaint anatengeneza pikipiki. Gloriose akavuka.

"Papa Toussaint, niazime turnevisi."

"Ya kufungua nini?"

"Kompyuta."

Toussaint akacheka mpaka akashika kiti cha pikipiki asianguke. "Mama Gloriose! Weye unajua kufungua chungu. Ile kitu utaiua."

"Nikiiua nitaizika minye. Lete."

Akampa bisibisi moja nene kama kidole gumba. Kwenye zile visi ndogo, skrubu za kompyuta, haikuingia hata kidogo. Basi Gloriose akachukua kisu cha jikoni. Ncha ikaingia, akakaza, ikateleza, krr! Msalaba wa kichwa cha visi ukaanza kulika kuwa shimo. Kikilika chote, mashini imefungwa kwa maisha, na Sange kwaheri. Akaweka kisu chini polepole, kama muntu aliyegundua kwamba fimbo aliyoshika ni nyoka.

Ndipo akamkumbuka Protais, yule mzee anayetengeneza saa na redio, akamkimbilia.

"Turnevisi zangu hazitembei peke yao," Protais akasema. "Zikitoka, minye niko nyuma yao." Akaja nazo zimefungwa kwenye kitambaa cheupe, anatembea taratibu kama padri anayempelekea mgonjwa komunyo. Watu walipoona vile, wakamfuata. Akakunjua kitambaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya Gloriose. "Chagua."

"Nichague minye?"

"Mashini iko yako, ao iko yangu? Simamisha turnevisi mu kichwa ya visi, halafu achilia mukono. Ile ya kweli inasimama yenyewe."

Gloriose akajaribu ya kwanza, ikaanguka. Nyingine ikaegemea kama mlevi aliyepata ukuta. Akachukua nyembamba yenye mpini mwekundu, akaisimamisha, akaondoa vidole. Ikasimama! Wima kama askari.

"Njo hiyo!" watu wakapiga kelele, na Gloriose akapiga vigelegele mwenyewe, hakumngoja mwingine.

Visi zikatoka moja moja, tamu kama karanga kwenye ganda. Ile iliyojeruhiwa na kisu ilikataa. Protais akaomba kwa Toussaint kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, akakilaza juu ya kichwa cha visi, akamwambia Gloriose agandamize kwa nguvu, azungushe pole. Mpira ukauma, visi ikageuka. Gloriose alihisi ile nusu duara mpaka kwenye bega.

Sasa kubandua kifuniko. Toussaint, kicheko kilikuwa kimeisha, akaja mbio na patasi.

"Ondoa hiyo chuma yako hapa!" Gloriose akamfokea. Akaingia jikoni, akakata ulimi mwembamba kwenye bidoni, lile dumu la njano la mafuta, akausugua kwenye jiwe mpaka ukawa laini. Plastiki kwa plastiki haziumizani. Akaupitisha pembezoni: ka, ka, ka. Kifuniko kikafunguka, na wote wakainamisha vichwa kuona. Gloriose alikuwa ameishi na hii mashini miaka, na sasa ndiyo anauona uso wake!

Lakini nimeruka kitu. Protais alikuwa amesema visi zichomekwe kwenye sabuni, kila moja kwa nafasi yake, zisichanganyike.

"Sabuni ni ya kuoga," Gloriose alijibu. Akaleta bugali iliyobaki asubuhi, imepoa kwenye sahani, akaifinyanga ikawa na umbo la mashini, akachomeka kila visi pahali pake.

Akatoa betri, akachomoa diski ya zamani, na visi ndogo zilizoishika ubavuni zikaenda nazo kwenye bugali. Wote wameinama juu ya diski mpya ikiingia mahali pake. Ndipo jogoo wa Toussaint akapita. Donge moja la bugali toka ubavuni, gwap!

"Amekula visi!"

"Chinja!" watu wakasema.

"Nani anachinja jogoo yangu?" Toussaint akamkumbatia ndege wake. "Kwa visi moja?"

"Minye nilisema sabuni," Protais akanung'unika.

"Na sabuni jogoo angeiogea?" Gloriose hakumtazama hata. Aliitazama sahani, akaona shimo, akajua papo hapo ni ipi iliyopotea: moja ya kushika diski. "Papa Toussaint, haya, jogoo wako aishi. Lakini lipa visi."

Toussaint akaleta kopo lake la visi, akalimwaga lote mkekani. Sasa hakuna aliyemfundisha Gloriose. Alishika ndugu ya ile iliyoliwa, akailinganisha na kila moja juu ya ukucha. "Hii nene. Hii ndefu, itatoboa diski. Hii uliitoa wapi?"

"Kwenye saa ya mwendo ya pikipiki iliyokufa."

Akaiingiza kwa vidole tu, bila chombo. Ikazunguka bila kubisha. Akaimalizia na ile ya mpini mwekundu.

Betri ikarudi, kifuniko kikarudi, akabonyeza. Zamani ungeweza kuchemsha maharage ukiingoja. Safari hii alianza ishara ya msalaba, na kabla mukono haujafika bega la pili, mashini imewaka! Haikukohoa. Akachomeka flashi, kwaya ikalia, na Toussaint mwenyewe akacheza, jogoo kwapani.

Kesho yake Gloriose alikuwa Sange, mwavuli wazi, watu wamemzunguka na simu zao.

Sasa zamu yako, weye uliyesoma. Kwako kuna chombo ulichoazima kwa muntu, na hakina mwenyewe nyuma yake kama turnevisi za Protais. Usinidanganye, kila nyumba iko nacho. Kirudishe leo, kwa mikono yako, si kwa kutuma. Halafu upite hapa unieleze amekupokeaje.