Vidole vya Hamira

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika kumi alasiri, barazani kwa bibi, mtaa wa Kanyenye. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa naichungulia simu ya mama mdogo nikiomba iite, aitwe mahali popote, jambo lenyewe liahirishwe. Haikuita.

Mama mdogo ni mdogo wake mama. Anafanya kazi kwenye maabara ya chuo kimoja Dar es Salaam, anachunguza jeni za hamira, hamira hii hii ya maandazi, ambayo ni viumbe vya seli moja moja. Alikuja kwa likizo fupi, akaniahidi kwamba akirudi ataondoka na mimi nikakae naye hadi shule zifunguliwe, na maabara nitaingia. Ila kwa sharti.

"Mweleze bibi yako kazi yangu. Yeye na shoga yake. Miaka yote hii wanadhani napika mikate. Wakielewa, kesho tunakata tiketi mbili. Wasipoelewa, nakata moja."

Alikuwa anacheka, lakini mama mdogo akishasema kitu harudi nyuma.

Mimi ni mtu wa aibu, niseme tu ukweli. Darasani nikijibu swali naongea na dawati, hadi mwalimu anauliza nani amejibu. Na haya mambo ya ribosomu, ambayo ndiyo kazi yenyewe ya mama mdogo, nilikuwa nimeyakariri kwa Kiingereza kama yalivyo daftarini. Kwa Kiswahili sikuwa nimewahi kuyasema hata nikiwa peke yangu.

Bibi na shoga yake, jirani wa nyumba ya pili, hukaa pale kila alasiri wakidarizi kofia. Mchoro unachorwa kwanza kwenye kitambaa, halafu wao wanaufuata kwa sindano, kitundu kwa kitundu, na midomo haipumziki.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia pamoja. Jirani akaongeza, "Leo mke mwenzio ana sura ya mtu anayekwenda kung'olewa jino."

"Mwache mke mwenzangu," bibi akasema. "Haya, sema."

Nikasema. Ndani ya kila seli kuna vitu vidogo vinaitwa ribosomu, kazi yake kutengeneza protini, na protini ndizo zinazojenga mwili. Ndani ya ribosomu kuna kitu kinaitwa RNA. "Hiyo RNA ni kama mchoro wa kofia," nikamaliza, nikijisifu moyoni.

Bibi akainua kofia aliyokuwa akishona. "Mchoro huu hapa. Nikiuweka kwenye mkeka nikaenda kulala, nitaamka nikute kofia?"

"Hapana."

"Basi anayeshona ni nani?"

Nikamwangalia mama mdogo. Akageuka kutazama barabarani. Jirani akasema taratibu, "Tiketi moja hiyo," nikahisi machozi yanakuja. Dar niliitaka, lakini nilichokitaka zaidi ni kuiona hiyo hamira kwa macho yangu.

Nikainamisha kichwa, na nilipoinamisha nikawa naangalia mkono wa bibi. Kidole gumba kinasukuma, cha shahada kinashika, cha kati kinapokea chini ya kitambaa. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikikariri miezi bila kukielewa. RNA ni za aina zaidi ya moja. Ipo ya mchoro, na ipo ya ribosomu yenyewe, na hii ya ribosomu ndiyo mkono.

"Nimekosea," nikasema. "Anayeshona ni RNA nyingine. Mama mdogo anachunguza hiyo. Mama, naomba mkono wako."

Nilimwambia jirani, na akanipa kabla sijapata muda wa kuogopa. Nikakata uzi, nikamfunga kidole kidogo kwenye kiganja. "Shona."

Akashona. Kitundu kikatoka safi.

Nikakifungua, nikafunga cha pete. Akashona tena, ila uzi ulilegea na kitundu kikawa kama jicho la mgonjwa.

"Haa, hiki kumbe kinavuta uzi," bibi akasema, akasogea karibu. "Mfunge gumba."

Nikafunga gumba. Sindano ikadondoka. Bibi alicheka hadi akavua miwani.

"Mama mdogo ndivyo anavyofanya," nikasema, na sauti ilikuwa yangu kabisa. "Anabadilisha herufi moja tu kwenye jeni ya huo mkono, yaani maandishi yanayouunda, halafu anaangalia hamira inakuaje. Ikikua vizuri, ile herufi haikuwa na kazi kubwa. Ikidumaa, ilikuwa na kazi. Ikifa, ndiyo gumba. Na nyingine kwenye ubaridi zinakua vizuri, zikiwekwa kwenye joto zinashindwa."

"Huyo ni shoga yangu," bibi akasema. "Asubuhi kofia nzima, mchana wa jua kali hata sindano haioni."

"Nifungue kwanza ndiyo unitukane," jirani akajibu.

Mama mdogo alikuwa ameacha kutazama barabara. Akauliza, "Haya mama, kazi yangu ni nini?"

Bibi alirudisha miwani bila haraka. "Unawafunga hamira vidole, kimoja kimoja, ujue kipi kinafanya nini. Mikate hupiki. Ungesema hivyo tangu mwanzo nisingewaambia watu una bekari."

Mama mdogo alicheka akashindwa kukaa wima. Jirani alimfunga bibi kidole cha pete naye ajaribu, na tuliendelea na mchezo ule mpaka adhana ya magharibi, vitundu vibovu vimejaa kwenye kitambaa kizuri, hakuna aliyejali.

Asubuhi yake tulikwenda stesheni. Mama mdogo akawa anatafuta kitambulisho ndani ya mkoba, na mkata tiketi akauliza wangapi. Nikasogea dirishani nikamwambia, "Wawili." Hakuniuliza mara ya pili.